Gramu Ishirini

Julai hii Mbeya haina huruma.
Loleza umejifunika ukungu mpaka kidevuni,
na baridi inapita chini ya mlango wa wodi
kama mgeni asiyepiga hodi.

Nimemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi,
kwa kitenge cha mama mkwe chenye moshi wa jikoni Kiwira.
Kilo moja na gramu mia.
Nimewahi kubeba sukari nzito kuliko mwanangu.

Kabla yake, wawili.
Wamelala nyuma ya nyumba, kwenye migomba,
hawakukaa hata wakapata majina.
Siku ya wa pili wanawake wa kanisani walikuja
na ndizi, na maziwa, na maneno:
Mungu ana makusudi yake.
Ndizi nilikula. Maneno niliyabakiza kwenye sahani.

Tangu hapo nikawa mtu wa benchi la nyuma,
karibu na mlango, kama anayedai
na anaogopa mdeni wake asije akatokea dirishani.
Kwaya ikipanda, besi za wazee zikitikisa mabati,
mimi nilihesabu misumari ya dari.
Hiyo ndiyo ibada niliyokuwa nayo.

Usiku wa sita alisahau kupumua.
Kifua chake kilinyamaza juu ya changu.
Nikamsugua nyayo, kama walivyonifundisha,
nyayo nyembamba kama maganda ya njegere.
Kimya.
Nikasugua tena.
Nikatafuta sala, nikakuta ghala limefagiwa.
Ikaja ile ya utotoni tu,
ile ambayo hata walevi wa Uyole wanaijua,
ikaja mbio bila mimi, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini,
na ilipofika penye riziki ikanasa:
leo.
Leo.
Miaka ishirini na saba nimelitamka neno hilo
bila kusikia udogo wake.
Aliyetufundisha kuomba alikuwa amelala njaa, nadhani,
alijua tumbo halipokei ahadi ya mavuno.

Leo tu, nikasema. Sikuombi harusi yake.
Wala meno yake ya kwanza sikuombi.
Unipe kufika asubuhi.

Akashtuka. Akavuta hewa, akapiga chafya
ya hasira, kama mzee aliyeamshwa kwa jambo la kipuuzi.

Sista Tulinagwe akaja na tochi,
akaweka vidole viwili, akahesabu, midomo ikicheza.
Jina lake kwa kwetu ni tuko naye.
Nani yuko na nani, sikuuliza.
Alinifunga upya kitenge, akakaza fundo,
akanimiminia chai ya rangi kutoka chupa yake mwenyewe,
na kwa mara ya kwanza tangu migomba
nililia bila kumlaumu mtu.

Asubuhi kitanda cha jirani yangu, Mbena wa Wanging'ombe,
kilikuwa kimetandikwa. Shuka limenyooka mno.
Naye aliomba. Nilimsikia.
Aliomba vizuri kuliko mimi.
Hili sitalifunika kwa ushuhuda.
Nikiruhusiwa nitapanda basi hadi kwake,
na ndizi, na maziwa,
na mdomo uliofungwa.

Saa tatu wakampima.
Gramu ishirini zimeongezeka:
kijiko kimoja cha chumvi, kijiko kilichojaa.

Ambokile alipiga simu kutoka shambani,
nyuma yake wachuma chai wakibishana na mizani.
Akauliza: atapona?
Nikamwambia, huyu nimempa jina.
Subilaga.
Akanyamaza, nikasikia mvua kwenye kofia yake.
Jina hilo kwetu ni amri: tumaini wewe.
Halisemi utapata nini.

Dirishani Loleza umetoa bega moja.
Nikaegemea ukuta, mwanangu akiwa na moto wa kutosha,
nikalala saa nzima, usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Kesho sijaigusa.